Kilicho cha Antena na Kilicho cha Chumba



Sauti hii inayowafikia imeanzia katika chumba kidogo ambacho kuta zake zimevikwa sponji. Bila sponji hizo mngenisikia mara mbili: mara ya kwanza kutoka kinywani, na mara ya pili, kwa kuchelewa kidogo, kutoka ukutani. Mafundi wa redio walitambua zamani kwamba ukuta nao husema, wakaufunga mdomo. Leo tuwazungumzie wenzao ambao kazi yao inafanana na hiyo, ila wao hawashughuliki na sauti. Wao hupima antena, na mwangwi unaowasumbua hausikiki kwa sikio wala hauonekani kwa jicho. Hujitokeza kwenye mchoro wa kompyuta tu, na hapo hujitokeza ukiwa na sura ya ukweli.

Wengi hudhani kuuondoa mwangwi huo ni suala la kuwa na ukuta mzuri. Ukuta mzuri ni mwanzo. Kazi yenyewe ni kubagua, katika kila kinachofika kwenye kipimo, kipi ni cha antena na kipi ni cha chumba. Na ugumu wake ni kwamba vyote viwili vimezaliwa na antena ileile.

Tuanze na antena. Kila antena ina tabia yake ya kutupa mawimbi. Sahani ya setilaiti hutupa sehemu kubwa ya nguvu zake upande mmoja, na huo tunauita mwale mkuu. Lakini hakuna sahani inayotupa zote huko. Kiasi huvujia kando, juu, chini, hata nyuma, na mivujo hiyo tunaiita miale ya pembeni. Antena ya kupokea nayo ni vivyo hivyo: upande ambao ingetupa kwa nguvu ndio upande inaosikia vizuri. Anayenunua antena anataka kujua mambo yote mawili, mwale mkuu una nguvu kiasi gani, na ile ya pembeni imebanwa kiasi gani. Miale ya pembeni ndiyo inayoingilia setilaiti ya jirani, na ndiyo inayokusanya kelele ambazo hakuna aliyezitaka.

Sasa unaipimaje? Njia iliyozoeleka ni kusimama mbali na kusikiliza. Ukiwa karibu mno, wimbi lililotoka ukingo wa kushoto wa sahani na lile lililotoka katikati hayajapata nafasi ya kujipanga, kwa hiyo unachosikia si kile atakachosikia mtu wa mwisho aliye kilomita nyingi kutoka hapo. Wataalamu wana kanuni: chukua upana wa antena, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe mara mbili, kisha ugawanye kwa urefu wa wimbi. Sahani yenye upana wa mita 1, inayofanya kazi kwenye masafa ya gigahazi 10 ambako urefu wa wimbi ni sentimita 3, inakudai usimame mita 67 hivi. Ipanue sahani hiyo ifike mita 3, na umbali unaruka hadi mita 600.

Mita 600 hazipatikani ndani ya jengo. Ukitoka nje, ardhi nayo inarudisha mawimbi, malori yanapita, mvua inanyesha, na mitambo ya watu wengine inapiga kelele kwenye masafa yako. Isitoshe, antena iliyotengenezwa kwenda anga za juu haitakiwi kuona vumbi wala umande.

Ndipo ikaja njia ya kupima karibu, katika kile wanafizikia wanachokiita uga wa karibu. Antena inawekwa ndani ya chumba. Antena nyingine ndogo, ya kupimia, inasimamishwa mita chache tu kutoka kwake. Kisha ama ile ndogo inatembezwa mbele ya antena kubwa, ama kubwa yenyewe inazungushwa, mpaka vipimo vimechukuliwa kwenye uso mzima: bapa, silinda, au tufe linaloizunguka antena pande zote. Katika kila nukta yanaandikwa mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya wimbi. La pili ni fezi, yaani wimbi limefika likiwa kwenye kilele, kwenye bonde, au mahali gani kati ya hapo. Ukiwa na mambo hayo mawili kwa uso mzima, hesabu inaweza kukuambia wimbi litakuwaje likifika mita 600, au kilomita 36,000. Kwenye umbali wenyewe hukufika. Umeufikia kwa karatasi.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, katika mji wa Lyngby nje kidogo ya Copenhagen, ni mojawapo ya mahali ambapo njia ya tufe ilikuzwa. Watafiti wake waliandika nadharia yake kwa kirefu, na kitabu cha mwaka 1988 kilichohaririwa na J. E. Hansen bado kiko kwenye meza za wapimaji wa antena. Chumba chao kinatumika kwa ushirikiano na Shirika la Anga la Ulaya. Humo ndimo zilimopimwa antena za setilaiti ya SMOS, iliyorushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 2 Novemba 2009.

SMOS nitairudia mara kwa mara leo, kwa hiyo niieleze. Setilaiti hiyo haitumi mawimbi yoyote kuja duniani kwa ajili ya vipimo vyake. Inasikiliza tu. Udongo na bahari hutoa mnong'ono hafifu mno wa mawimbi, na mnong'ono huo hubadilika udongo unapolowa au maji ya bahari yanapozidi chumvi. SMOS ina mikono mitatu, na juu yake zimepangwa antena ndogo 69, zinazosikiliza kwenye masafa ya gigahazi 1.4, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 21. Inapita juu ya dunia nzima, bara letu na Bahari ya Hindi zikiwemo. Chombo kinachodai kutofautisha udongo mkavu na uliolowa kutoka kilomita zaidi ya 700 juu, kwa kusikiliza tu, lazima kijue sikio lake linasikiaje kila upande. Na sikio hilo lilipimwa ndani ya chumba chenye kuta.

Tuone basi mwangwi unaharibu nini. Chukua mwangwi mdogo ambao nguvu yake ni moja ya elfu kumi ya nguvu ya mwale mkuu. Mafundi watasema uko desibeli 40 chini. Ukiupima mwale mkuu wenyewe, mwangwi huo unakukosesha kwa chini ya desibeli 0.1. Nani atajali? Lakini geuza kipimo kwenye mwale wa pembeni ambao nao uko desibeli 40 chini. Sasa mgeni na mwenyeji wana nguvu sawa. Vilele vyao vikikutana, utaandika mwale wenye nguvu mara nne ya ule wa kweli. Kilele cha mmoja kikikutana na bonde la mwingine, utaandika kwamba hapo hakuna kitu kabisa. Mwangwi uleule, chumba kilekile: kwenye mwale mkuu hauna madhara, kwenye mwale wa pembeni unakutungia habari.

Na katika kipimo cha karibu kuna jambo la ziada. Kwa kuwa picha ya mbali inakokotolewa kutokana na nukta zote kwa pamoja, mwangwi ulioingia kwenye nukta chache haubaki hapo. Hesabu inaubeba na kuumwaga kwenye picha. Pengine utatokea kama mwale mdogo wa pembeni mahali ambapo antena haikutupa chochote, na mhandisi atahangaika wiki nzima kurekebisha antena isiyo na kasoro.

Kinga ya kwanza ni ile ya sponji. Ukiingia chumba cha kupimia antena utakuta kuta, dari na sakafu zimeota piramidi zilizochongoka, nyingi zikiwa nyeusi au za rangi ya buluu. Ni sponji iliyonyweshwa kaboni. Kaboni inapitisha umeme kidogo, basi wimbi likiingia ndani yake nguvu zake zinageuka joto dogo sana. Lakini kwa nini piramidi? Kwa sababu wimbi likikutana ghafla na ukuta wa kaboni litaruka na kurudi. Ncha ya piramidi ni hewa tupu na sponji kidogo; unavyokwenda ndani sponji inaongezeka na hewa inapungua, mpaka kwenye kitako imejaa. Wimbi linaingia bila kukutana na mpaka wa wazi wa kuligeuza. Piramidi nzuri, wimbi likija moja kwa moja usoni kwake, huweza kurudisha sehemu moja tu ya elfu kumi, au hata chini ya hapo.

Mipaka yake ni mitatu. Kwanza, piramidi inapaswa kuwa ndefu ikilinganishwa na wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3, piramidi ya sentimita 30 inatosha kabisa. Kwa wimbi la SMOS la sentimita 21, unahitaji piramidi zinazokaribia kimo cha mtoto, na chumba kikubwa cha kuzibeba. Pili, wimbi linalokuja kwa kulala, likiparaza ukuta, hurudi kwa wingi zaidi kuliko lile linalokuja wima. Tatu, kuna vitu ambavyo huwezi kuvifunika vyote: mnara unaobeba antena, mota inayouzungusha, nyaya, reli, na njia wanayopita mafundi. Na antena mbili zenyewe zinatazamana. Sehemu ya wimbi inafika kwenye antena ya kupimia, inarudi kwenye antena kubwa, inagonga, inaenda tena. Huo ni mwangwi ambao hakuna ukuta wa kuulaumu.

Msikilizaji mmoja huenda anajiuliza: kwa nini wasipime chumba kitupu, waandike mwangwi wake, kisha wautoe? Haiwezekani, kwa sababu chumba kitupu hakina mwangwi. Mwangwi unazaliwa antena inapotupa wimbi, na kila antena ikigeuka, inatupia kuta tofauti kwa nguvu tofauti. Ukiiondoa antena, umeondoa na mwangwi uliotaka kuupima.

Kwa hiyo lazima mwangwi ubaguliwe wakati antena ipo na inafanya kazi. Na ili uubague, utafute jambo ambalo antena inalifanya na mwangwi haulifanyi. Mafundi wamepata mambo matatu ya namna hiyo: umbali unaobadilika, wakati wa kuwasili, na mahali pa asili.

La kwanza, umbali, lina hila rahisi. Chukua ule mwangwi unaokwenda na kurudi kati ya antena mbili zinazotazamana. Kabla ya kupimwa umeongeza safari mbili: ya kurudi na ya kwenda tena. Sasa pima mara moja, kisha isogeze antena ya kupimia nyuma kwa robo ya urefu wa wimbi, upime tena. Kwenye gigahazi 10, robo hiyo ni milimita 7.5, si zaidi ya unene wa kidole. Wimbi la moja kwa moja limeongezewa milimita 7.5, na hilo unalijua, unaweza kulirekebisha kwenye hesabu. Lakini ule mwangwi umeongezewa milimita 15 juu ya hapo, yaani nusu nzima ya wimbi. Palipokuwa na kilele sasa pana bonde. Chukua wastani wa vipimo viwili: wimbi la kweli linabaki, mwangwi unajifuta wenyewe. Kwa SMOS, robo hiyo ingekuwa sentimita 5 na ushei.

Unaweza pia kuzisogeza antena zote mbili pamoja, kama jozi, kuelekea ukuta wa nyuma, ili kuukamata mwangwi wa ukuta huo. Lakini hila hii inafanya kazi vizuri pale mwangwi unapokuja kwa mstari ulionyooka. Mwangwi wa pembeni haupati nusu wimbi kamili kwa kusogea huko, unapungua tu. Na kila hila ya namna hii inakugharimu kipimo kizima cha pili, pengine cha saa nyingi.

La pili, wakati. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Tuseme njia ya moja kwa moja ni mita 6: wimbi linafika baada ya nanosekunde 20. Njia ya kupitia ukutani ni mita 9: mwangwi unafika baada ya nanosekunde 30. Kuna pengo la nanosekunde 10, na ukiweza kufunga mlango ndani ya pengo hilo, mwangwi unabaki nje. Kwa kawaida hawapimi kwa kurusha pigo moja la ghafla. Wanapima kwenye masafa mengi, moja baada ya jingine, kisha wanatumia hesabu ya Fourier kuyageuza masafa hayo kuwa wakati, wanafuta kilichochelewa, na kurudi kwenye masafa.

Ni njia safi, lakini ina sharti gumu. Ili kutenganisha njia zinazopishana kwa mita 3, unahitaji upana wa masafa usiopungua megahazi 100, na kiutendaji zaidi ya hapo. Kwa tofauti ya sentimita 30, unahitaji gigahazi 1 nzima. Antena inayofanya kazi kwenye masafa mapana itakupa. Sasa iangalie SMOS: bendi inayoisikiliza, iliyolindwa kimataifa ili isiingiliwe na mitambo ya kutangaza, ina upana wa megahazi 27 tu. Kwa upana huo, huwezi kutenganisha njia zinazopishana chini ya mita 11. Kuta za chumba chochote cha kawaida ziko karibu kuliko hapo. Mlango wa wakati hapo hauna msaada.

Linabaki la tatu, mahali, nalo ndilo lililobadilisha kazi hii katika miaka ya karibuni.

Anzia kwenye jambo moja la fizikia. Antena yenye ukubwa fulani haiwezi kuchora mchoro wenye mikunjo mingi kupita kiasi. Ukiizunguka, nguvu na fezi zitapanda na kushuka, lakini idadi ya kupanda na kushuka ina kikomo kinachotokana na ukubwa wa antena ikilinganishwa na wimbi. Sahani yetu ya mita 1 kwenye gigahazi 10, ikikaa katikati kabisa ya mhimili inaozungukia, inaishia kwenye mikunjo kama 105 kwa mzunguko mzima. Wapimaji huongeza kumi hivi kwa ajili ya tahadhari. Chochote chenye mikunjo 150 au 200 hakikutoka kwenye sahani hiyo. Hilo ndilo tego la mwangwi: igawanye picha kwa idadi ya mikunjo, vile vipande ambavyo wataalamu huviita modi, kisha ukate modi zote zilizozidi uwezo wa antena.

Lakini hapa pana mtego, na waliokata kwa pupa walinaswa nao. Antena ikikaa katikati ya mzunguko, mwangwi wa ukuta hauna mikunjo zaidi ya antena yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ukuta unaona antena ileile ikizunguka, mwale mkuu ukiupitia, kisha miale ya pembeni, na unairudisha picha hiyohiyo ikiwa imehama pembe. Mgeni amevaa kanzu ya mwenyeji. Ukikata modi za juu, hukati kitu.

Dawa yake inashangaza, maana inaanza kwa kuharibu mpangilio. Iondoe antena katikati. Iweke kando ya mhimili, nusu mita au zaidi, kisha uzungushe na upime. Sasa antena inapozunguka inakaribia na kuachana na antena ya kupimia, na fezi ya wimbi la moja kwa moja inakwenda mbio, juu na chini, kwa namna inayojulikana barabara kwa sababu unajua umeiweka wapi. Mwangwi wa ukuta nao fezi yake inakwenda mbio, ila kwa mwendo mwingine, kwa sababu ukuta uko upande mwingine na unaona antena ikikaribia na kuachana kwa nyakati nyingine.

Hapo inakuja hesabu. Kwenye kompyuta, irudishe antena katikati: toa zile mbio za fezi zinazolingana na njia ya moja kwa moja. Wimbi la kweli linatulia papo hapo, linarudi kwenye modi zake chache za chini. Mwangwi umerekebishwa kwa kipimo kisicho chake. Haukutulia, umevurugika zaidi na kutawanyika kwenye modi za juu, ambako antena haina haki ya kuwepo. Sasa kata. Unachokata ni chumba.

Wahandisi wa kampuni ya Nearfield Systems ya California, wakiwemo Greg Hindman na Allen Newell, ndio walioipeleka njia hii kwa wapimaji katikati ya miaka ya 2000. Waliianzisha kwa vipimo vya tufe, na baadaye ikapelekwa kwenye silinda na bapa. Uzuri wake ni kwamba inahitaji masafa mamoja tu, kwa hiyo antena yenye bendi nyembamba, ambayo mlango wa wakati ulishindwa kuisaidia, inapata nafuu. Na haihitaji kujua ukuta uko wapi wala umejengwa kwa nini. Inataka kujua antena iko wapi na ina ukubwa gani, basi.

Bei yake iko kwenye idadi ya nukta. Sahani ile ya mita 1 ikiwa katikati, unaweza kupima kila baada ya nyuzi 1.5, na tufe zima litakuwa na nukta kama 29,000. Ukiisogeza kando nusu mita, mikunjo ya fezi inaongezeka maradufu, unalazimika kupima kila baada ya nyuzi 0.75, na nukta zinapita 115,000. Kazi mara nne. Maabara inayouza muda wake kwa saa inalijua hilo vizuri.

Sasa niseme lililonifanya nichague mada hii. Hesabu ikishakuwa nzuri namna hiyo, inakuja tamaa ya kuiachia kila kitu. Sponji ni ghali, mnaweza kusikia mtu akisema, tuweke chache, kompyuta itasafisha. Au mhandisi anakaa na kichujio chake, anakata modi, mchoro bado una vijimwale, anakata zaidi, mchoro unapendeza, anasimama hapo. Amekata mpaka wapi? Mpaka pale macho yake yaliporidhika. Hicho hakiitwi kipimo tena. Kikomo cha kukata kinapaswa kutokana na ukubwa wa antena na urefu wa wimbi, na kiandikwe kabla ya kuuona mchoro.

Na kuna swali la ndani zaidi: antena inaishia wapi? Sahani ya setilaiti ikifungwa kwenye kiwiliwili cha setilaiti, wimbi litagonga kiwiliwili hicho, litagonga mbawa za sola, litagonga nguzo, na kurudi. Huo nao ni mwangwi. Lakini mwangwi huo utakwenda angani pamoja na antena, na utaishi nayo mpaka mwisho wa kazi yake. Ukiufuta, umempa mwenye setilaiti picha ya antena ambayo hatakuwa nayo kamwe. Mnara wa chumba unaobeba antena hiyo wakati wa kupima nao unarudisha mawimbi, lakini huo unabaki Lyngby. Kwa kompyuta, vyuma hivi viwili vinaweza kuwa sentimita chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Anayejua tofauti ni binadamu aliyeamua, kabla ya kupima, duara la antena yake lina nusu kipenyo gani na ndani yake kuna nini.

Kwa hiyo duara hilo ni uamuzi, na uamuzi huo una matokeo. Ukilichora dogo mno, unakata sehemu ya antena yenyewe, na miale ya kweli ya pembeni inatoweka pamoja na mwangwi. Ukilichora kubwa mno, unaufungulia mwangwi mlango. Na kipande cha mnara kilicho ndani ya duara hakuna hesabu ya mahali itakayokitoa, kwa sababu kwa hesabu hiyo kimeshakuwa mwenyeji. Hapo unarudi kwenye sponji: funika mnara, ufanye mwembamba, upake, uufiche nyuma ya antena. Mbinu hizi zinasaidiana. Hakuna inayochukua nafasi ya mwenzake. Sponji inapunguza mwangwi mpaka hesabu inaweza kuubeba, robo ya wimbi inaushika ule wa kati ya antena mbili, wakati na mahali vinasafisha masalio.

Kuna namna ya kuthibitisha kazi, nayo ni ya kizamani na haijapitwa na wakati. Pima antena. Kisha ihamishe ndani ya chumba, au igeuze juu chini, upime tena. Antena haikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi inavyovitazama vyuma na kuta. Toa mchoro mmoja kwa mwingine: tofauti iliyobaki inakuonyesha kiasi cha mwangwi ambao bado umo, baada ya sponji zote na hesabu zote. Tofauti hiyo ikiwa desibeli 60 chini ya mwale mkuu, unaweza kuzungumzia kwa ujasiri mwale wa pembeni ulio desibeli 40 chini. Ikiwa ni desibeli 40, nyamaza kuhusu mwale huo, hata kama mchoro wako ni laini kama hariri.

Wasikilizaji, antena ziko kila mahali sasa: kwenye simu, kwenye magari, kwenye minara ya mitandao, kwenye paa za nyumba zetu. Kila moja inakuja na karatasi yenye mchoro wa miale yake. Anayenunua kwa niaba ya wengine, iwe kampuni ya simu, kituo cha utangazaji au idara ya hali ya hewa, akabidhiwe mchoro pamoja na majibu ya maswali mawili. Katika chumba kile, mwangwi uliobaki ulikuwa kiasi gani, na mliujuaje? Na mlipokata, mlikatia wapi, na kwa sababu gani? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo amekuuzia antena pamoja na kuta za maabara yake.